Gesi ya Amase

Nilijiunga na klabu ya mazingira kwa sababu kwaya ilinikataa. Nasema kweli tupu, maana siku hizi watu wakinisikia nikizungumzia biogesi hudhani nilizaliwa na uchungu wa misitu moyoni. Sikuzaliwa nao. Mwaka wa kwanza pale chuo cha ualimu kila mwanachuo alitakiwa achague klabu moja, nami nikaenda kwaya. Nikaimba beti mbili. Kiongozi wa kwaya, kijana mpole sana, akakuna kichwa akasema, "Dada yangu, sauti unayo. Ila ni sauti ya kumwita mtu aliye kwenye mtumbwi." Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nimekulia Ilagala, ufukweni, ambako kumwita mtu aliye kwenye mtumbwi ni kazi ya kila siku, kwa hiyo sikuona hata tusi liko wapi. Nikacheka nao, nikaondoka.

Mlango uliofuata ulikuwa wa maabara ya biolojia. Ndani walikaa wanachuo watano, na mbele yao alisimama mwalimu wetu wa biolojia, mwanaume mwembamba aliyevaa koti la suti na gambuti. Hivyo ndivyo alivyovaa siku zote, mvua inyeshe au jua liwake. Nikaingia, na nyuma yangu akaingia mwenzangu wa chumbani, binti mrefu wa Kasulu ambaye hakuwa na nia yoyote na mazingira. Chumba chetu kilikuwa na ufunguo mmoja, na siku ile ulikuwa mfukoni mwangu.

"Sasa mko saba," mwalimu akasema kwa furaha, kama mtu aliyejaziwa uwanja. "Twendeni jikoni."

Tukadhani tunakwenda kukaribishwa chai. Akatupitisha nyuma ya jiko la chuo, akatusimamisha mbele ya rundo la kuni lililokuwa refu kuliko yule binti wa Kasulu. Fuso lilikuwa limetoka kulimwaga asubuhi ile.

"Hili mnaloliona limelala," akasema, "wiki iliyopita lilikuwa limesimama. Lilikuwa na ndege juu yake. Nasi tumeliita hapa ili tupate maharage."

Kutoka pale tuliona ziwa chini, na upande wa pili vilima vya nyuma ya mji, ambavyo vichwani vimebaki na nywele chache kama mzee aliyetoka kunyolewa. Nikakumbuka nyumbani. Miaka michache kabla ya hapo ziwa lilikuwa limepanda, likameza minazi ya ufukweni, likameza njia, na mwisho likaingia kwenye jiko la mama yangu likakaa. Mama alihamisha mafiga mara tatu. Sijui kama niliunganisha mambo hayo vizuri siku ile, mvua na misitu na maji yanayopanda, ila nakumbuka niliacha kuwaza chai.

Mwalimu akatueleza mpango wake. Chuo kilikuwa na ng'ombe sita wa maziwa. Samadi yao ilikuwa inarundikwa tu nyuma ya banda. Bwaloni kila siku yalibaki mabaki ya ugali ya kujaza ndoo. Vitu hivyo viwili, akasema, vikichanganywa na maji na kufungiwa chini ya ardhi pasipo hewa, huchacha na kutoa gesi, na gesi hiyo ikipitishwa kwenye bomba inapika. Matofali yalikuwepo, yalibaki kwenye jengo ambalo halikuisha. Fundi wa kujenga kuba la chini ya ardhi alimfahamu. Mkuu wa chuo alikwisha kuruhusu, kwa sharti moja.

"Sharti gani, Mwalimu?" nikauliza.

Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Mpishi akubali."

Hapo nikaona hata yeye anaogopa.

Mpishi wetu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Ujiji, aliyekuwa akija kila alfajiri kwa bajaji kutoka Buzebazeba akiwa amejifunga kanga mbili na kubeba kisu chake mwenyewe. Alikuwa amewapikia walimu wengi wa mkoa ule walipokuwa bado wanachuo, na wakubwa wale wakija chuoni kwa mikutano walipitia kwanza jikoni kumpa shikamoo. Macho yake yalikuwa mekundu daima kwa moshi. Alikuwa na wasaidizi wawili waliokuwa wakizungumza kwa minong'ono tu.

Tulikwenda wote saba, mwalimu akiwa wa nane, nyuma.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Mna njaa?"

Mwalimu akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mikono na kwa mchoro chini kwa kijiti. Mama alisikiliza huku akikoroga pipa la maharage kwa mwiko mrefu kama kasia. Mwalimu alipomaliza, mama akaacha kukoroga.

"Nirudie nione kama nimesikia. Unataka wali wangu uive kwa mavi?"

Mmoja wetu akapaliwa na kicheko. Mwalimu akasema, "Si mavi, Mama, ni hewa inayotoka kwenye..."

"Kwenye mavi."

Yule binti wa Kasulu, aliyekuja kwa ajili ya ufunguo, akapiga hatua mbele. Kwao wamefuga tangu babu na babu. "Mama, ya ng'ombe hayaitwi hivyo," akasema kwa heshima. "Kwetu tunaita amase. Bibi anasilibia nyumba kwa amase na tunalala humo. Hayo mengine ndiyo ya watu."

Mama akamtazama kutoka miguuni mpaka utosini, safari ndefu. "Amase," akarudia, kama anaonja chumvi. Kisha akamgeukia mwalimu, na sasa hakuwa anatania. "Mwalimu, mimi naswali. Mikono hii inatia udhu mara tano. Uchafu ni uchafu, nao una hukumu yake. Hilo unanijibu vipi?"

Mwalimu alikuwa mtu wa kanisa, na mtu mkweli. "Hilo sitakujibu, Mama. Ni jambo nisilolijua. Muulize maalimu wako, na atakalosema nitalifuata."

Mama alipenda jibu hilo. Niliona. Jumatatu iliyofuata tulipokwenda kuchukua uji akatuita pembeni.

"Maalimu kaniuliza, hiyo samadi inaingia sufuriani? Nikamwambia haiingii, iko shimoni, kinachokuja ni hewa, na hewa yenyewe inaungua. Akasema basi shida iko wapi. Halafu unajua kaniuliza nini tena? Kama naweza kumletea ramani ya mtambo! Ana ng'ombe wawili."

Tukashangilia mpaka uji ukamwagika.

"Tulieni," mama akasema. "Dini imeruhusu. Mimi bado."

Tukaanza kuchimba hata hivyo, naye hakutuzuia. Tulichimba jioni baada ya vipindi, kwa sururu na beleshi za kuazima, na habari ikaenea. Kwanza wanachuo wengine walikuja kutuzomea, kisha wakaja kutazama, kisha mmoja mmoja akasema, "Hebu lete hiyo sururu, unaishika kama kalamu." Klabu ya watu saba ikawa ya watu ishirini na kitu. Kiongozi wa kwaya naye akaja na wanakwaya wake, na siku hiyo ndipo tulipogundua kwamba kuchimba kunakwenda vizuri kukiwa na wimbo. Wao waliimba. Mimi niliruhusiwa kusema "Hee!" mwisho wa kila mstari, na naomba iandikwe kwamba "Hee" yangu ilisikika mpaka Katonga sokoni.

Fundi akaja, akajenga kuba kama chungu kilichofunikwa, akaacha mdomo wa kuingizia upande mmoja na wa kutokea upande wa pili. Juu ya mdomo wa kuingizia akajenga pipa la saruji, refu kufika kiunoni, la kukorogea samadi na maji kabla haijateremka ndani.

Sasa ikaja kazi ya samadi yenyewe, na hapo siri yangu ikajulikana. Mimi nilikuwa naogopa ng'ombe. Mtoto wa ziwani anawajua samaki wake, mgebuka na kuhe, anajua hata mamba wa mdomo wa mto Malagarasi aliko, lakini kiumbe chenye pembe kinachokutazama huku kinatafuna kitu ambacho hakipo, hicho sikukizoea. Mwenzangu wa chumbani aliingia bandani saa kumi na mbili asubuhi kama anaingia kwa shangazi yake. "Mwakeye, mwakeye," aliwaamkia kwa Kiha, akiwapiga makofi mgongoni. Mimi nilisimama mlangoni na ndoo.

"Ingia! Hawa wanawake wenzio!"

"Wananiangalia vibaya."

"Wanakuonea huruma. Ingia!"

Nikaingia. Ng'ombe mmoja mweusi akageuza kichwa akapumua usoni kwangu pumzi ndefu, ya moto, yenye harufu ya majani. Nikapiga ile sauti iliyonitoa kwaya. Ng'ombe sita wakaruka kwa pamoja, mwenzangu akaketi chini kwenye majani akicheka huku amejishika mbavu, na walinzi wawili wakaja mbio kutoka getini wakidhani kuna chatu.

Lakini hilo si la kusimulia ukilinganisha na siku ya kujaza. Ilikuwa Jumamosi. Tulipanga mstari kutoka bandani hadi kwenye mtambo, ndoo zikipita mkono kwa mkono, na mimi nikiwa juu ya ukingo wa lile pipa la saruji nakoroga kwa mti mrefu. Nilijisikia kama mama mpishi mwenyewe. Wanakwaya wakaimba, nikasema "Hee!" moja ya nguvu, gambuti la kuazima likateleza kwenye saruji mbichi, na nikaingia. Sikuanguka kwa kichwa, namshukuru Mungu. Niliingia kwa miguu, taratibu, nimesimama wima, mpaka kiunoni, mti ukiwa bado mkononi.

Wimbo ukakatika. Mtu mmoja kwenye mstari akauliza kwa upole, "Na wewe ni sehemu ya mchanganyiko?"

Nilicheka mimi kwanza. Sikuweza kujizuia. Mchanganyiko ulikuwa wa vuguvugu, nisiwafiche, na haukuwa mbaya kama nilivyoogopa. Walinivuta wanne, gambuti moja likabaki ndani, nami nikashika njia ya ziwani mbio nikaoge. Nyuma nikasikia mwalimu naye anakimbia na koti lake la suti, akipiga kelele kuliko nilivyopata kumsikia.

"Si ziwani! Wewe mwanaklabu wa mazingira! Si ziwani!"

Basi nikageuzwa, nikapelekwa kwenye migomba ya chuo, nikasimamishwa katikati ya mashina mawili, na wenzangu wakanimwagia maji ndoo baada ya ndoo huku mwenzangu wa chumbani akinisugua kwa ufagio wa nje. Dirishani mwa jiko niliona mama mpishi. Alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili na mabega yake yanatetemeka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka, na jioni ile kwenye sahani yangu nilikuta vipande viwili vya samaki badala ya kimoja.

Fundi alisema tusubiri wiki tatu. Tulisubiri. Kila asubuhi tulilisha mtambo ndoo zake za samadi na mabaki ya ugali, na kila asubuhi mtu alitukuta njiani akaziba pua. Wakatubandika jina, Wana-amase. Rais wa serikali ya wanachuo, kijana msemaji aliyevaa shati jeupe hata siku ya usafi, alisimama bwaloni akatangaza kwamba siku maharage yatakapopikwa kwa gesi ile, yeye atakula mikate mikavu mpaka amalize chuo. Wakampigia makofi. Hata mimi nilipiga kidogo, alikuwa amesema vizuri.

Wiki tatu zikaisha. Tukajipanga jikoni, mwalimu akafungua koki, tukasikia hewa inatoka, fuu, na ikanuka kama yai viza. Akawasha kiberiti. Kiberiti kikazimika. Akawasha kingine. Kikazimika. Aliwasha vijiti kumi na moja.

"Gesi ya mwanzo huwa haiwaki," akasema, bila kututazama. "Inabidi itoke kwanza."

"Hata mimi nikipumua kiberiti kinazimika," mama mpishi akasema, akarudi kwenye kuni zake.

Tuliitoa ile gesi, tukasubiri tena. Nitakuwa mwongo nikisema hatukukata tamaa. Mwenzangu wa chumbani ndiye hakuyumba, yeye ambaye sasa alikuwa na ufunguo wake mwenyewe na angeweza kubaki kitandani. "Ng'ombe hawana haraka," aliniambia usiku tukizima taa. "Usiwaharakishe." Nikamuuliza mambo hayo ya ng'ombe yanahusianaje na bomba. Alikuwa amekwisha lala.

Jumamosi nyingine, kama siku kumi baadaye, mwalimu akatuita tena. Safari hii hatukuingia ndani. Alikuwa ametoa jiko dogo la gesi akaliweka nje, kwenye sakafu ya mbele ya jiko la chuo, mpira mrefu ukitoka kwenye koki, ili harufu isituumize. Jua lilikuwa kali, la saa tano, ziwa lote linametameta huko chini. Tukazunguka duara. Akafungua. Akawasha kiberiti, akakisogeza. Tukasikia kitu kidogo, kama mtu kashtuka. Kisha hakuna.

Tukangoja. Juu ya lile jiko hatukuona kitu. Chuma tu na jua.

"Imekataa tena," mtu akasema. Mwalimu akabaki amechuchumaa na kijiti kilichoungua kati ya vidole, na kwa mara ya kwanza nikamwona jinsi alivyochoka. Mmoja akaanza kuondoka.

Hapo mama mpishi akatoka mlangoni, mikono ina unga. Alikuja tu kutaka kijiko, alisema baadaye. Akapita karibu na duara letu, akasimama. Akainamisha kichwa kama anayesikiliza mlango unaogongwa mbali. Akanyoosha kiganja juu ya lile jiko, shibiri mbili kwa juu, akakirudisha haraka.

"Nyie watoto," akasema. "Linawaka hili."

"Mama, hakuna moto."

"Mimi nimekaa na moto kabla hujazaliwa, unaniambia hakuna moto? Sogea!" Akavua kanga yake ya juu, akaitandaza kwa mikono miwili upande wa jua kama pazia, na kivuli kikaangukia jiko.

Bluu. Pete ya moto wa bluu, safi, yenye meno madogo madogo yanayotetemeka, inazunguka jiko zima. Ulikuwa unawaka muda wote ule mbele ya macho yetu, na jua lilikuwa linatuficha.

Sijui nani alianza kupiga kelele. Nadhani ni mimi. Tulirukaruka, tulikumbatiana na watu ambao hatukuwahi kusalimiana nao, kiongozi wa kwaya alimbeba mwalimu mgongoni akazunguka naye uwanja wa mbele, magambuti yakining'inia. Binti wa Kasulu aliondoka mbio, tukadhani anakwenda kulia peke yake, kumbe alikwenda bandani kuwaambia ng'ombe. Mama mpishi peke yake hakusogea. Alibaki ameshika kanga, kwa sababu akiishusha moto ungepotea tena, na alikuwa anautazama kwa karibu kabisa, ameinama, macho wazi, bila kufumba. Ikanijia kwamba pengine hajawahi kuinamia moto namna ile bila machozi.

"Hauna moshi," akasema. Hakuwa anamwambia mtu.

Kisha akasimama wima. "Nani ananiletea sufuria? Mmesimama tu!"

Akabandika chai. Chai ya rangi, yenye tangawizi na mchaichai, sufuria la kwanza la gesi ya amase. Ilipochemka akaimimina kwenye vikombe vya plastiki akavipanga ukingoni mwa sakafu, na hapo ndipo sisi mashujaa tukaanza kutazamana. Sisi tuliochimba. Mimi niliyeoga humo. Kila mtu alikuwa anamngoja mwenzake.

"Ala!" mama akasema. Akachukua kikombe, akasema bismillahi, akanywa funda refu, akafumba macho. Tukamtazama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Sukari imepungua," akasema.

Tukagombania vikombe.

Jumatatu maharage ya mezani mwa walimu yalipikwa kwa gesi, na Jumanne mama akaamua kumshughulikia rais. Alipika masufuria mawili ya maharage, yote kwa mawese, vitunguu vilevile, chumvi ileile, moja kwa kuni na moja kwa gesi. Akaja nayo bwaloni yeye mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akayaweka mbele ya meza ya rais, na bwalo zima likasimama juu ya mabenchi.

"Baba," akamwambia rais kwa sauti ya upole ya kutisha, "wewe una pua nzuri. Nionyeshe yenye harufu ya ng'ombe nikayamwage."

Rais akakunja mikono ya shati lake jeupe. Akanusa ya kwanza. Akanusa ya pili. Akaonja, maana kelele zilikuwa nyingi na hakuweza kukataa. Akafikiri sana. Kisha akanyoosha kidole kwenye sufuria la kushoto. "Hili. Linanuka banda. Halina ubishi."

"Una uhakika, mwanangu?"

"Asilimia mia."

"Hilo ni la kuni," mama akasema. "Unachonusa ni moshi. Umekula moshi tangu uje hapa, ukadhani ndiyo ladha ya maharage."

Bwalo lililipuka. Sahani zilipigwa mezani kama ngoma, na nitampa rais haki yake: alicheka kuliko wote, akavua shati lake jeupe akalipepea juu ya kichwa kama bendera ya kusalimu amri, akala sufuria la kulia mpaka akaomba ukoko. Wiki iliyofuata tulimkuta bandani, shati la kijani, ndoo mkononi.

Nisije nikapamba. Gesi haikutosha chuo kizima. Ilitosha chai ya asubuhi, uji, na maharage ya siku nyingi. Ugali wa mamia ya watu uliendelea kusongwa kwa kuni, na mpaka leo nasikia ndivyo. Fuso lilikuwa likija kila wiki. Likaanza kuja mara moja kwa wiki mbili, na mara nyingine dereva alipiga simu mwenyewe kuuliza kama tumehama. Mwalimu alitaka tusherehekee hilo kwa kupanda kilimani, na tukapanda, na kwa kweli hapakuwa na jambo kubwa la kuona. Vichaka. Machipukizi kwenye visiki, ya kufika gotini. Alichuchumaa akayahesabu kwa kidole kama anayewaita watoto majina, na sisi tukala karanga tukitazama ziwa.

Tatizo jipya lilikuwa mabaki. Baada ya maharage kukosa moshi watu walianza kufuta sahani, na ndoo za mabaki zikarudi tupu. Mama akawa anasimama mlangoni mwa bwalo akilalamika. "Mnamaliza vipi? Mtambo nao utakula nini? Hamna huruma?" Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa akitugombeza kwa kubakiza. Ikabidi tutafute vingine: maganda ya ndizi kutoka kwa wauzaji wa barabarani, na matumbo ya samaki kutoka Katonga, ambayo mimi nilijitolea kuyafuata, kwa sababu huko kulikuwa na harufu ninayoifahamu na hakuna kitu chenye pembe.

Wageni wakaanza kuja. Shule za sekondari, vikundi vya akina mama, mara moja maalimu kutoka Ujiji na daftari lake, akapima kuba kwa hatua na kuandika. Mwanzoni mwalimu ndiye aliyetoa maelezo. Baada ya muda mama alianza kumkatiza. Baada ya muda zaidi mwalimu alibaki nyuma ya kundi, mikono mfukoni mwa koti, akitabasamu, huku mama akiwaeleza watoto wa kidato cha pili habari za kuchacha pasipo hewa, kwa maneno yake. "Ni kama togwa iliyofunikwa," aliwaambia. "Ukifunika inafanya kazi, ukichungulia inasusa. Na kama mtu anawaambia ni mavi, mwambieni ni amase."

Nilimaliza chuo, nikapangiwa shule ya msingi mbali kidogo na ziwa, sehemu yenye vumbi na watoto wengi wazuri. Mama mpishi ana namba yangu na huitumia anapojisikia. Mwezi uliopita simu ililia nikiwa ubaoni katikati ya somo la hesabu za sehemu, nikaona jina lake, nikahofu, kwa sababu huwa hapigi asubuhi. Nikawaomba watoto radhi, nikatoka nje.

"Shikamoo, Mama. Kuna nini?"

Nilisikia kwanza kelele nyuma yake, watu wengi, masufuria, mtu akiimba.

"Marahaba! Yule mweusi, yule aliyekupumulia, amezaa!"

"Hongera, Mama!"

"Hujasikia bado! Pacha! Majike! Wamesimama wote wawili, yule mrefu wako wa Kasulu nimempigia kabla yako, analia huko kama kafiwa!"

Nikapiga ile sauti yangu palepale uwanjani. Darasa zima likatoka mbio kuja kuona ni nini.